Ada za mbio za baiskeli za ridhaa: unalipia nini, na je, inafaa?

Barabara si ni bure? Kwa nini nilipie kuendesha?

Barabara ni bure, njia panda ndiyo yenye gharama. Siku ya kawaida ukiteremka mlima kwa kilomita 60 kwa saa na mbele ukaona njia panda, unashika breki mapema, unatazama kulia na kushoto, ndipo unapita. Siku ya mbio, pale pale amesimama mtu kavaa reflekta, kainua bendera, na nyuma yake lori limezuiwa na dereva wake kanuna. Wewe unapita bila kugusa breki. Huyo mwenye bendera ndiye unayemlipia, hata kama mfukoni mwake haingii kitu.

Unalipia pia wapinzani. Kukusanya watu 60 wenye uwezo unaokaribiana, mahali pamoja, wakati mmoja, wote wamekuja kukutesa, si jambo la kutuma ujumbe kwa marafiki Ijumaa jioni.

Pesa yangu inakwenda wapi hasa?

Gharama za mbio zina mafungu mawili, na ukiyaelewa haya mawili utaacha kumwona kila mwandaaji kama mwizi.

Fungu la kwanza halijali mmejiandikisha wangapi: kibali cha barabara, askari wa usalama barabarani, gari la wagonjwa na wahudumu wake, waamuzi, vyoo vya kukodi, vizuizi vya mstari wa kumalizia, redio za mawasiliano, gari linalotangulia na lile la mwisho linalookota walioshindwa. Haya yote yanalipiwa hata akitokea mtu mmoja. Fungu la pili hukua kadiri watu wanavyoongezeka: namba, chipu ya kupima muda, bima ya kila mshiriki, makato ya mfumo wa malipo, maji na chakula vya vituoni.

Tufanye hesabu ya mfano, bila sarafu ya nchi yoyote. Fungu la kwanza liwe 3,000. Fungu la pili liwe 8 kwa kila mtu. Ada iwe 40. Wakija watu 100, mwandaaji anakusanya 4,000 na kutumia 3,800. Anabakiwa na 200 kwa miezi kadhaa ya kuhangaika na vibali. Wakija 60, anakusanya 2,400 na kutumia 3,480. Amezama kwa 1,080. Ili asile hasara anahitaji watu 94. Kati ya sherehe na madeni kuna watu saba tu waliochelewa kuamua.

Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza ya usajili, nikigawa namba na pini nne nne. Zilipobaki siku tatu, majina yalikuwa 41 kati ya nafasi 100, na mwandaaji alikuwa akipiga simu kuuliza kama anaweza kupunguza vyoo. Siku mbili za mwisho wakamiminika. Tangu hapo najiandikisha mapema, na sioni tena punguzo la wanaowahi kama hisani: mwandaaji ananunua usingizi wake.

Mbona mbio zenye maelfu ya watu ndizo ghali zaidi? Wingi si hushusha bei?

Wingi hushusha bei pale tu ambapo fungu la kwanza limesimama palepale. Kwenye mbio kubwa halisimami.

Chukua mbio za mizunguko, zile za kuzunguka mtaa wa kilomita moja au mbili mara nyingi. Unafunga njia panda chache kwa asubuhi moja, na kufunga huko huko kunatumiwa na vijana, wanawake, wakongwe na wenye kasi, kundi baada ya kundi. Sasa linganisha na Maratona dles Dolomites ya Italia, iliyoanza 1987. Njia yake ndefu ni kilomita 138 na ina mita 4,230 za kupanda, juu ya njia za kuvukia milima kama Pordoi na Giau. Mtu wa mbele na wa mwisho wanatenganishwa na saa kadhaa, kwa hiyo kila njia panda na kila kona inalindwa muda wote huo, milimani, magari yakiwa yamezuiwa.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni hamu. Wanaotaka kuingia Maratona ni wengi kuliko nafasi, kiasi kwamba waandaaji huchagua washiriki kwa bahati nasibu. Kitu kinachogombaniwa hakina sababu ya kuwa rahisi. Ndivyo ilivyo pia kwa Étape du Tour, inayofanyika Ufaransa tangu 1993, ambapo watu wa kawaida wanapita njia ya hatua moja ya Tour de France ya mwaka huo.

Kwa maoni yangu, mbio za namna hii zinafaa mara moja, labda mbili maishani. Unachonunua pale ni siku ya kusimulia. Ukitaka kushindana, utajikuta umepanga foleni nyuma ya maelfu ya watu kwenye mlima wa kwanza, na muda wako utaamuliwa na kundi ulilopangiwa kuanzia kuliko miguu yako.

Basi mbio zipi zinatoa thamani kubwa kwa pesa kidogo?

Mbio dhidi ya saa zinazoandaliwa na klabu. Sina wasiwasi na jibu hili. Kila mtu anaondoka peke yake, dakika moja baada ya mwenzake, anakwenda hadi alama ya kugeuzia na kurudi. Barabara haifungwi, kwa sababu hakuna kundi. Kinachohitajika ni saa, karatasi, mtu wa kukushika kiti unapoanza na mtu wa kuelekeza pale pa kugeuzia. Uingereza mchezo huu ulikulia mafichoni. Mwaka 1890 chama cha waendesha baiskeli cha wakati huo kilipiga marufuku mbio za barabarani, wakaidi wakaanza kukutana alfajiri, wamevaa nguo nyeusi, kwenye njia zilizotajwa kwa namba za siri ili polisi wasijue. Hadi leo njia za mbio hizo huko bado zina majina ya herufi na tarakimu, kama faili za ofisini. Mchezo uliozaliwa kwa kujificha hauna vizuizi, jukwaa wala spika za kulipia, na ada yake inaonyesha hivyo.

Wa pili ni safari ndefu za mtindo wa audax. Hizi si mbio: hakuna mshindi. Unapewa kadi, unaigongesha muhuri vituoni, na unatakiwa umalize ndani ya muda: saa 13 na dakika 30 kwa kilomita 200, saa 20 kwa 300, saa 27 kwa 400, saa 40 kwa 600. Masharti hayo yanasimamiwa na Audax Club Parisien, klabu iliyoanzishwa 1904. Maji unanunua mwenyewe, pancha unaziba mwenyewe, ukipotea unajitafuta mwenyewe. Ada inakuwa ndogo kwa sababu kazi karibu yote umebeba wewe. Ukimaliza mfululizo huo unaweza kufuzu Paris–Brest–Paris, kilomita takriban 1,200 zinazoendeshwa kila baada ya miaka minne, na wengi hupewa saa 90 za kuzimaliza.

Watatu ni mbio za mizunguko nilizozitaja. Ubaya wake ni kwamba ukiwa dhaifu siku yako inaisha mapema sana. Soma jibu linalofuata.

Niliachwa na kundi dakika ya 12. Nimetupa pesa?

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ukiwa umejificha nyuma ya mwenzako unaokoa karibu theluthi ya nguvu ambayo ungetumia mbele peke yako, na katikati ya kundi kubwa unaokoa zaidi. Ukibanduka, hata kwa urefu wa baiskeli tatu, upepo wote unarudi kifuani kwako wakati ule ule umeishiwa pumzi. Walio ndani ya kundi wanakwenda kasi uliyoshindwa kuifuata ukiwa umekingwa. Sasa unaambiwa uifikie bila kinga. Ndiyo maana mtu haachwi polepole. Anaachwa ghafla, na baada ya hapo anafanya mazoezi ya peke yake akiwa na namba mgongoni. Kwenye mizunguko hata hayo hapati: kundi likikaribia kumzunguka, mwamuzi humpungia atoke.

Nakumbuka mbio zangu za kwanza. Kwenye kona ya tatu niliacha nafasi kidogo, ya tahadhari tu. Kutoka kwenye kona walinyanyuka wote kwenye pedali, na ile nafasi ya mita mbili ikawa mita kumi. Niliiziba. Kona iliyofuata nikaacha tena. Niliziba mara sita, ya saba sikuweza. Siku hiyo nilidhani sina nguvu. Ukweli sikujua kona, na hilo ningeweza kulijifunza bure na watu wanne kwenye uwanja wa kuegesha magari.

Kwa hiyo ada inayofaa kuliko zote ni ya mbio unazoweza kumaliza ndani ya kundi. Kabla hujalipa, tafuta matokeo ya mwaka jana. Angalia mwendo wa wastani wa mtu wa katikati, achana na mshindi. Angalia pia walioanza 70 walimaliza wangapi. Wakiwa 22, hizo ni mbio za kuchuja watu, na kama ni msimu wako wa kwanza, wewe ni pumba.

Nipime kwa kilomita au kwa saa?

Wala kilomita, wala saa. Kwa hesabu ya kilomita, mbio za mizunguko za dakika 45 zitaonekana wizi na safari ya kilomita 160 itaonekana zawadi, ilhali katika zile dakika 45 umefunga pengo, umepiga kona 80 bega kwa bega na watu na kukimbilia mstari wa mwisho, vitu ambavyo hizo kilomita 160 zinaweza zisikupe hata mara moja. Mimi najiuliza swali moja: leo nimefanya nini ambacho nisingeweza kukifanya peke yangu Jumapili ijayo? Jibu likiwa "nimekula ndizi kituoni", nimelipia ndizi ghali.

Lakini kuna fulana, medali na mkoba wa zawadi.

Hivyo navyo umevilipia. Fulana ya saizi isiyo yako, chupa yenye nembo ya mfadhili, vipeperushi vitatu. Baadhi ya waandaaji siku hizi wanauza vitu hivi kando na kushusha ada ya msingi, na hao wanastahili kuungwa mkono. Mwandaaji anayetangaza medali kwa picha kubwa lakini hasemi neno kuhusu njia panda, huyo tayari ameshakujibu.

Zawadi za washindi ni ndogo. Si zingeongezwa?

Zingetoka wapi? Mfadhili asipokuwepo, zawadi ya mshindi ni ada za walioshindwa. Kwenye mbio za ridhaa naona ni bora ile pesa iongeze mwenye bendera mmoja zaidi.

Wanawake wanalipa sawa na kupewa mbio fupi. Hiyo ni haki?

Malalamiko haya ni ya kweli na hayajibiwi vizuri. Mara nyingi kundi la wanawake linapewa nusu ya umbali, linaanzishwa saa mbovu, au linachanganywa na wakongwe kisha matokeo yanatenganishwa kwenye karatasi. Waandaaji husema washiriki ni wachache. Ni wachache kwa sababu wanachopewa ni kidogo, na mzunguko unaendelea.

Kuchanganya makundi kunaharibu mbio zenyewe: mwanamke anayeshambulia peke yake anaweza kufikiwa na kundi linalovutwa na mwanaume ambaye hata hashindani naye. Kama ada ni ile ile, basi ama umbali ulingane, ama muda wa barabara ulingane, ama tofauti irudi kwenye bei. Waulize waandaaji kabla ya kulipa.

Leseni na bima zinaongeza bei. Zina maana?

Bima ndiyo. Soma ni ya aina gani. Bima ya kawaida ya mbio ni ile ya madhara kwa wengine: ukimgonga mtazamaji au ukaharibu gari la mtu, inalipa. Mara nyingi haigusi baiskeli yako, na matibabu yako si lazima yawemo. Watu wengi wanagundua hili wakiwa wamekaa ukingoni mwa barabara wakishikilia mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, ule unaovunjika mara kwa mara kwenye mchezo huu.

Kuhusu leseni, nchi nyingi zina ya mwaka na ya siku moja. Mtu wa mbio mbili kwa mwaka huwa anafaa kuchukua ya siku. Chukua karatasi uzijumlishe: leseni za siku mara ngapi zinafikia ya mwaka? Jibu linatofautiana, lakini hesabu ni ya dakika moja.

Mbio zikifutwa, narudishiwa?

Kwa kawaida hapana, au sehemu tu. Rudi kwenye mafungu mawili: wiki ya mbio, sehemu kubwa ya fungu la kwanza imeshatumika.

Na hufutwa kweli, hata kubwa kuliko zote. Cape Town Cycle Tour ya Afrika Kusini, kilomita 109, imekuwapo tangu 1978 na huvuta makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 2015 moto wa milimani ulilazimisha njia ikatwe hadi kilomita 47. Mwaka 2017 upepo ulikuwa mkali kiasi cha kuangusha watu waliokuwa wametembea tu na baiskeli zao kuelekea kwenye mstari, na waandaaji wakasimamisha kila kitu asubuhi ile ile. Uamuzi ulikuwa sahihi.

Ninachokitaka kwa mwandaaji ni masharti yaliyoandikwa kabla: zikifutwa mwezi mmoja kabla nini kinatokea, wiki moja kabla nini, asubuhi yenyewe nini. Na kama nikiumwa, naweza kumwachia mtu nafasi yangu kwa jina lake? Kubadilisha jina hakumgharimu sana. Anayekataza kabisa huku akiwa na orodha ya wanaosubiri anauza kiti kimoja mara mbili.

Usikimbie barabarani kwa namba ya mtu mwingine, hata akikupa bure. Ukianguka, wahudumu watafungua taarifa za mtu mwingine, na bima ina sababu ya kukukana.

Ada ndiyo gharama yangu kubwa?

Mara chache sana. Jumlisha usafiri, malazi, chakula, tairi ulilopasua, siku ya kazi uliyoikosa. Watu wananung'unikia ada kwa sababu inalipwa mara moja na kwa kiasi kimoja, ilhali hayo mengine yanavuja taratibu. Mbio rahisi zilizo mbali zinaweza kukugharimu mara tatu ya mbio ghali zilizo karibu. Niliwahi kusafiri usiku kucha kwa sababu ada ilikuwa nusu. Rahisi ghali.

Nitamjuaje mwandaaji mzembe kabla ya kulipa?

Mwandikie swali moja la kiufundi: "Kilomita za hatari kwenye njia hii ni zipi, na pale kutakuwa na nani?" Anayejua njia yake atajibu kwa undani, pengine hata kwa kuchosha. Mzembe atakujibu kwamba usalama wenu ni kipaumbele chetu.

Mengine ya kutazama: ramani na saa za kufunga barabara zimetolewa au bado, jina la mwamuzi au shirikisho lililoidhinisha, matokeo ya mwaka jana yalitoka lini, ukomo wa muda umeandikwa au utashtukizwa. Mara moja nililipia mbio ambazo hazikuwa na hata gari moja la wagonjwa. Mwenzetu alianguka kilomita ya 30 tukamsubirisha kivulini hadi mpita njia mwenye gari alipokubali kumbeba. Medali zilikuwa nzuri sana, nzito, za rangi mbili.

Si bora nishindane kwenye kompyuta nyumbani?

Kwa mapafu na mapaja, thamani yake ni kubwa mno: kwenye programu kama Zwift, ambapo unapiga pedali kwenye baiskeli iliyofungwa chumbani na mwendo wako unaonekana kwenye skrini, unalipa kila mwezi na unaweza kushindana kila siku. Ila hutajifunza kona, breki, wala kukaa sentimita 30 nyuma ya gurudumu la mtu anayeyumba. Huwezi kuanguka, na huko kutoweza kuanguka ndiko kunakofanya iwe mchezo mwingine.

Sina uwezo wa kulipa msimu mzima. Nifanyeje?

Jitolee. Klabu nyingi humpa nafasi ya bure mtu aliyesimamia njia panda kwenye mbio nyingine, na zisizotangaza hivyo hukubali ukiuliza. Omba kona, usiombe meza. Kutoka kwenye kona utaona nani anashika breki wapi, nani anafungua pengo, kundi linapanuka vipi na kubanwa vipi. Beba maji yako na kofia ya jua. Na dereva wa lori akianza kukupigia honi, mwambie zimebaki dakika mbili, hata kama hujui zimebaki ngapi.